Sauti Iliyomtangulia Sittou

Rafiki yetu Zoubeir, mpiga gitaa wa Mahajanga, alifika kisiwa cha Nosy Be mwaka 1984 akiwa hoi kwa safari, hatamani chochote ila kulala. Alikuwa amebeba kaseti ya albamu ya bendi yao ya watu wawili, nyimbo za vituko walizojirekodia nyumbani, yeye akipiga na mkewe Sittou akiimba. Safari hii Sittou alibaki nyumbani Mahajanga. Hamada, fundi wa kunakili kaseti, akampokea dukani kwake, akafunga mlango na madirisha ili kelele za sokoni zisiingie. Chumba kikawa giza. Wakasikiliza.

“Huyu mwanamke wa pili ni nani?” Hamada akauliza.

“Hakuna wa pili. Ni Sittou peke yake.”

“Hebu sikiliza vizuri, kaka.”

Zoubeir akainamia spika. Kweli, kulikuwa na sauti nyingine, ya chini, ikitamka kila neno kabla ya Sittou. Hata wimbo wa mwisho, ambao Sittou aliutunga papo hapo wakirekodi, sauti ile iliutangulia. Ilikohoa, kisha Sittou akakohoa. Ilicheka, naye akacheka.

Halafu ikaanza kulia kwa kwikwi, ikiita, “Zoubeir! Zoubeir!”

Mkanda ukaisha kabla zamu ya Sittou haijafika.