Anayerudi na Umeme

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, lakini feni ya kompyuta ilikuwa bado inazunguka.

Mama Chiriku aliacha kukanyaga cherehani, akasikiliza. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, haikujua umeme ni nini, kwa hiyo sare za shule alizishona hata mtaa mzima ukiwa gizani. Aliuzoea ukimya wa umeme ukikatika: friji ya jirani huguna mara ya mwisho, redio hunyamaza, watoto ndio hubaki wakisikika. Leo chini ya ukimya ule kulikuwa na mvumo mwembamba, kama mtu anayepumulia puani.

Aliinuka akaenda kwenye meza ya pembeni, ambako mumewe, mpiga picha za harusi, alifanyia kazi zake. Akagusa kasha la kompyuta. Lilikuwa na joto. Akainama kutazama ukutani. Plagi ilikuwa imechomekwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichomoa umeme ulipokatika.

Kuchomoa ilikuwa sheria ya nyumba ile. Walipewa na Fundi Fyuzi, fundi umeme wa mtaa, siku umeme uliporudi kwa kishindo ukaunguza televisheni yao.

"Watu huacha vitu vimechomekwa ili wajue umeme umerudi," aliwaambia, huku akiwafungia kisanduku cha stabilaiza cha kuutuliza. "Ndipo wanapokosea. Umeme huondoka kwa adabu, lakini hurudi na ghadhabu. Na marehemu mama yangu, aliyekuwa akiwatibu wenye majini, alisema haurudi peke yake."

Wote walicheka. Baba Chiriku alicheka kuliko wote, kisha akaapa kwamba hatasahau kuchomoa hata siku moja.

Aliapa kwa sababu ndani ya kompyuta ile alikuwamo Bibi.

Bibi alikuwa binti yao wa kwanza. Walimwita hivyo kwa sababu alitembea mikono mgongoni na kuwaonya wakubwa kama mwanamke aliyekwisha kuzika waume wawili. Homa ilimuua Bibi wakati mdogo wake, Chiriku, akiwa bado tumboni. Yaliyobaki ni picha chache na video moja fupi: Bibi anatoka bombani na ndoo, anasema, "Mama, nione," maji yanamwagika, anacheka, basi. Mama Chiriku alimwomba mumewe mara nyingi azihamishie kwenye flashi. "Kesho," alijibiwa, na kesho yake haikuwa na alfajiri. Mwishowe mumewe alisema flashi yenyewe imepotea.

Sasa alinyoosha mkono aichomoe plagi. Kabla hajaishika, umeme ukarudi.

Balbu iliwaka nyeupe kama radi, ikanguruma. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani, na nyuma yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Kompyuta ikajiwasha. Video ikaanza yenyewe. Ndoo, maji, kicheko. Hapo ndipo ilipokuwa ikiishia, lakini safari hii haikuisha. Bibi alijifuta mikono kwenye gauni, akasogea, akasogea tena mpaka macho yake yakajaa kioo kizima, halafu akaimba:

"Kuku kavaa koti, kaenda kwa daktari, kaambiwa vua koti, kasema nina baridi."

Wimbo ule Chiriku aliutunga mwenyewe juzi, akichezea vitambaa chini ya cherehani. Na sauti iliyoimba ilikuwa ya Chiriku.

Mama Chiriku aligeuka. Binti yake wa miaka minne alikuwa amekaa sakafuni, midomo yake ikicheza, na hakuna kilichotoka.

"Mwanangu, hebu niimbie wimbo wa kuku."

Chiriku alimtazama kwa mshangao. "Wimbo gani?"

Tangu siku hiyo, kila umeme ulipokatika na kurudi, mtoto alipungukiwa na maneno. Kikombe akakiita "kile". Jina la paka wa jirani likampotea. Alikuwa akiongea tangu anapofumbua jicho mpaka analala katikati ya neno, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Sasa alikaa kimya kama kifaranga aliyenyeshewa.

"Mtoto huyu ana nini?" aliuliza mama mkwe siku alipokuja kuwaona. "Zamani mtu ulikuwa unatafuta pa kumzimia."

Na kila mara plagi ilikutwa imechomekwa. Mama Chiriku akamuuliza mumewe ni nani anayeichomeka. Mumewe hakuinua macho kwenye kamera aliyokuwa akiifuta.

"Labda ni mama," alisema. "Akija hapa hushikashika vitu."

Mama mkwe alipoulizwa, alihamaki. "Mimi? Mimi hata kiberiti nawasha nimefumba macho. Nani kakwambia ni mimi?" Alipotajiwa jina la mwanawe, aliinuka. Alichukua mkoba wake akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Basi Mama Chiriku akafanya alichokijua. Umeme ulipokatika tena aliichomoa plagi, akaivisha kifuko cha jinzi na kukishona kwa mkono, mishono miwili, uzi wa buluu. Aliporudi kuanua nguo, kifuko kilikuwa chini. Uzi ulikuwa umekatwa taratibu, mshono kwa mshono, kwa wembe wake mwenyewe wa kufumulia.

Aliushika wembe ule kwa muda mrefu. Jini hahitaji wembe.

Umeme ulipokatika jioni iliyofuata, aliaga kwamba anapeleka sare kwa mteja. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa uani, akavua kandambili na kusimama nyuma ya pazia. Chumba kilikuwa kimeanza kuingia giza, feni inazunguka pasipo umeme, kioo kimewaka mwanga wa rangi ya maji machafu, na mbele yake mumewe amekaa amempakata Chiriku, amemshika kidevu kwa vidole viwili ili uso wa mtoto usigeuke, na mtoto anaongea, anaongea kama alivyokuwa akiongea zamani, haraka haraka bila kuvuta pumzi, lakini maneno hayakusikika kutoka kinywani mwake bali yalitoka kwenye spika, moja moja, na kila neno lilipotoka Bibi kwenye kioo alilitafuna, akalimeza, akafungua mdomo kungoja lingine.

"Mwambie dada tena," mumewe alinong'ona. "Mwambie jina la mama. Bado hajalipata hilo."

Mama Chiriku alitoka nyuma ya pazia akamnyakua mtoto.

"Ulijua," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Alinizungumzia, mke wangu. Siku moja nilisahau kuchomoa, akanizungumzia. Kila umeme unaporudi hupata nguvu. Alisema maneno yakimtosha atatoka."

"Na huyu je?"

Mumewe alimtazama Chiriku kama anayetazama kikombe cha kuazima. "Huyu bado mdogo. Atajifunza mengine."

Mama Chiriku alikaza khanga. Alitoka peku na mtoto mgongoni mpaka kwa Fundi Fyuzi.

Fundi alikuja na mkoba wake wa kazi. Alinusa hewa ya mle chumbani, akasoma dua kwa sauti ya chini, na mwanga wa kioo ukapungua bila kuzimika.

"Shemeji, huyo si binti yako. Binti yako amepumzika. Huyu amevaa sura yake tu," alisema. "Anapanda umeme unaporudi, na hii stabilaiza inamlainishia njia, anaingia salama. Nikiiondoa, ataingia na kishindo chote, na kompyuta itaungua naye akiwa mlangoni. Lakini baba ndiye aliyemkaribisha. Wa kuchomeka safari hii uwe wewe mama."

"Na video?"

"Itaungua pamoja naye. Na picha."

Fundi aliiondoa stabilaiza, na Mama Chiriku akashika waya. Mwanamke aliyechomoa plagi ile miezi yote, sasa alipiga magoti kuichomeka moja kwa moja ukutani.

"Unamchoma mwanao," mumewe alisema, akilia. "Mama gani wewe?"

Kwenye kioo Bibi alisimama na ndoo yake, mikono mgongoni, ndoo ikielea pembeni bila kushikwa. "Mama," alisema kwa sauti ya Chiriku, "nione."

"Nilikuona, mwanangu," alisema Mama Chiriku. "Nilikuona ulipokuwapo." Akaichomeka.

Walingoja. Giza lilikuwa limeingia sawasawa ndipo kelele zilipoanzia mwisho wa mtaa, za watoto wakishangilia umeme, zikaja nyumba kwa nyumba kama wimbi, na zilipofika kwao balbu ilipasuka, kasha la kompyuta likalia mlio ambao si wa chuma wala wa mtoto, cheche zikaruka, moshi ukatoka na ile harufu ya udongo, kisha kukawa kimya. Feni ikasimama.

"Mama," alisema Chiriku mgongoni, "huyu kuku kwa nini alivaa koti? Kwani alikuwa anaumwa? Na daktari alikuwa kuku pia?"

Mama Chiriku akakaa chini palepale, akalia.

Hakumfukuza mumewe. Walilala kitanda kimoja kama abiria wawili wasiojuana. Alienda kwa mama mkwe kumwomba radhi, na kikongwe yule akasema, "Wewe ulidanganywa na mume. Mimi nilisingiziwa na mtoto niliyemzaa." Waliliana begani. Kompyuta iliyoungua waliitupa. Chiriku aliongea mpaka majirani wakarudia kulalamika, na hakuna aliyefurahia malalamiko kama mama yake.

Alasiri moja umeme ulikatika. Mama Chiriku alikuwa akikanyaga cherehani yake, na Chiriku chini anaimba, kuku kavaa koti, kaenda kwa daktari. Alichukua shati la mumewe lililochanika kwapa, akalitandaza mapajani alitie kiraka. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa mdomo. Haukuwa mshono wake. Ulikuwa wa mtu asiyejua kushona, uzi wa buluu, mishono miwili.

Kupitia kitambaa aliona kitu kinawaka na kuzimika.

Aliukata uzi kwa wembe. Flashi ilimdondokea kiganjani, ile aliyoambiwa imepotea. Haikuwa imechomekwa popote. Ilikuwa na joto, na taa yake ndogo ilipwesa taratibu, kama mtu anayepumulia puani.

"Kaambiwa vua koti," aliimba Chiriku sakafuni, "kasema..."

Akanyamaza. Alimtazama mama yake, akalitafuta neno, asilipate.