Mashavu ya Teresia

Teresia alikuwa amechoka. Alichoka kulima, alichoka kukamua, alichoka hata kusifiwa. Kila aliyepita shambani kwake Nyamwaga alisema, "Mama Robi, umenawiri! Mniko anakutunza." Mniko, mumewe, akisikia hivyo, kichwa kinamvimba siku nzima. Kwao, mke mwenye mashavu ni sifa ya boma.

Lakini mashavu yale hayakuletwa na ugali. Yaliletwa na vidonge. Mwaka jana magoti yalimsumbua, na Mniko akamnunulia dawa dukani mjini Sirari, bila kipimo wala cheti cha daktari. Maumivu yakakimbia. Teresia hakuacha tena kumeza. Sasa jembe lilikuwa limemkata mguu, na kidonda kiligoma kupona.

Jirani yao Gladys, muuguzi wa zahanati, alikuja kukisafisha.

"Shikamoo, mama. Unameza dawa gani?"

"Marahaba. Za magoti, hizi hapa."

Gladys alisoma pakiti, akaguna. "Hii ni prednisoloni. Ni dawa nzuri. Mwenye pumu akibanwa, humwokoa. Lakini ukiimeza kiholela muda mrefu, huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa. Vidonda navyo havifungi upesi."

"Kumbe ni sumu!" Mniko aliinyakua pakiti, akaelekea chooni.

"Mzee, usitupe!" Gladys alimzuia. "Mwili hutengeneza homoni kama hii wenyewe; wake umezoea kuletewa, umeacha kutengeneza ya kwake. Akikatisha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, akaanguka, hata akafa. Daktari ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo."

Teresia aliogopa. "Kumeza hatari, kuacha hatari. Nifanyeje mimi?"

"Leo tunaenda hospitali. Na hiyo pakiti tunaibeba."

Daktari alipima sukari na presha, akampangia namna ya kupunguza, akampa matibabu mengine ya magoti. Haikuwa rahisi. Magoti yaliuma, mwili ulikuwa mzito, na asubuhi nyingine Teresia alilia tu kitandani. Ila hakuruka kidonge wala kuongeza. Palizi akaifanya Mniko, wanaume wenzake wakamcheka.

Kidonda kikafunga. Mashavu nayo yakashuka. Siku ya sherehe ya ukoo, dada yake Mniko alimshika Teresia mkono mbele ya watu.

"Wifi, mbona umekonda hivi? Kaka hakulishi?"

Teresia alikuwa amechoka kueleza. Mniko ndiye aliyejibu, viganja vyake vikiwa na malengelenge ya jembe.

"Aliponenepa nilikuwa namuua, dada. Sasa ndiyo namtunza."