Samaki Saba wa Hamdun

"Huyu hafanani naye," alisema Nusura.

"Anafanana, Bi Nusura. Amepungukiwa wekundu wa mkia tu."

"Hamdun atauona huo mkia."

Tajudin hakubisha. Alikirudisha kijiwavu chake ndani ya tangi akaanza kutafuta mwingine. Juu ya meza, katika kipande cha gazeti, alilala samaki aliyekufa alfajiri ile. Nusura huja na samaki mfu kila mara, kama mtu apelekavyo dukani kifungo kilichokatika ili atafutiwe mwenziwe.

Duka lilikuwa katika kichochoro nyuma ya barabara kubwa ya Kampala: chumba kimoja, matangi kumi na moja ya vioo, na harufu ya maji yaliyolala. Mwenyewe, Mhindi mzee, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake miaka mitano iliyopita, akamwachia funguo Tajudin, aliyekuwa mfanyakazi wake. Ofisa wa jeshi aliyegawiwa duka alikuja siku moja, akazunguka mara mbili, akauliza, "Katika hawa, analiwa yupi?"

"Hawaliwi, Afande. Wanatazamwa."

Afande alitema mate kizingitini, na hakuonekana tena.

"Na huyu je?" Tajudin aliinua kijiwavu. Ndani yake alirukaruka nkejje mmoja, samaki mdogo wa ziwani, wa Ggaba, buluu ubavuni, mwekundu mkiani. Watu wengine huwakausha nkejje na kuwala. Hamdun aliwafuga kwa rangi zao.

Nusura aliinama, akamtazama aliye hai, akamtazama mfu. "Huyu sawa."

"Basi tulinganishe maji."

Nusura alitoa mkobani chupa ya jamu yenye maji ya nyumbani. Tajudin aliitia ndani ya tangi, ikaelea nusu. Duka lilikuwa na kipimajoto kimoja, nacho kilivunjika. Kingine hakikupatikana mjini, kama zisivyopatikana sukari na sabuni. Ikabidi mikono ifanye kazi hiyo.

"Mkono mmoja ndani ya chupa, mmoja ndani ya tangi. Samaki hahamishwi mpaka mikono yote miwili iseme neno moja. Je, yamelingana?"

Nusura alisimama na mikono majini kwa muda mrefu.

"Sijui."

"Bado hayajalingana?"

"Sihisi kitu, Kaka Tajudin. Pima wewe."

Akapima yeye, kama kila Jumamosi.

Ilikuwa miaka miwili na miezi minne tangu Hamdun alipotoka kwenda kuswali Ijumaa. Hakurudi. Majirani wa fleti za Bugolobi, walikokaa, walikuta ngazini kubadhi lake moja, la mguu wa kushoto. Katika mji ule, miaka ile, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wanaume wa miwani myeusi walikuwa wakiwachukua watu mchana kweupe na kuwatia katika buti la gari. Kiatu kilichodondoka kilikuwa ndiyo barua pekee. Nusura alikwenda kambini akaambiwa jina halimo. Alikwenda hospitalini. Alikwenda hata msituni, walikokwenda wanawake wengine kugeuza nyuso za maiti. Kisha alirudi nyumbani, akawasagia samaki mukene, dagaa wa ziwani, akawalisha. Kilio alikingojea, hakikuja. Ganzi ilimwingia kama inavyoingia mguu uliokaliwa vibaya, nayo haikutoka. Alichobaki nacho ni hesabu moja: Hamdun aliacha samaki saba, na Hamdun atakuta samaki saba.

"Dada yako Rehemah alipita hapa," alisema Tajudin, akifunga chupa. "Amesema mmekwenda kwa kadhi."

"Yeye alinipeleka. Kadhi amesema nitimize miaka minne ya kungoja ndipo anivunjie ndoa, au nilete habari ya yakini."

"Na ukipata habari ya yakini?"

"Nitaipata kwa nani? Wenye yakini hawasemi."

Tajudin aligeuka, akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi.

Siku ya Jumatano alikufa mwingine. Nusura hakungoja Jumamosi. Saa ya chakula aliacha taipu yake ofisini akaenda dukani. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Ndani alimkuta Tajudin pamoja na mtu mnene, mchangamfu, aliyezungukwa na mikebe ya bati. Ni Katembo, Mkongo muuza vitenge ambaye kila safari huleta pia samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaonunuliwa na wake wa mabalozi.

"Ah! Mama, njo weye ule wa samaki saba?" Katembo alicheka. "Tajudin anakusemaka asubui, anakusemaka mangaribi. Na leo mwingine amekufa? Weye unaua kupita askari!"

"Katembo," Tajudin alisema polepole, "mlango uko wazi."

Katembo alifunga kinywa. Akauchungulia mlango, akausukuma ukafungika.

Nusura hakuwa akiwasikiliza. Kila mkebe ulifunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofungwa kamba, na Tajudin alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mkebe uliokuwa karibu naye.

"Ondoa mkono, Kaka Tajudin."

"Bi Nusura, keti kwanza."

"Ondoa mkono."

Hakuuondoa. Nusura aliushika kwa vidole viwili akauweka kando, kama mtu aondoavyo sahani mezani.

Kitambaa kilikuwa kimedariziwa. Matundu madogo, kila moja limezungushiwa uzi, yalikwenda mistari mitatu na kuishia kwenye nyota, kama kofia idariziwavyo. Nyota ilikuwa na ncha tano mahali pa sita. Miaka mitatu Nusura alikaa kwenye mkeka ule ule na mtu aliyeziacha nyota zake pungufu. "Ukamilifu ni wa Mungu," alikuwa akisema, na kukata uzi kwa meno.

"Nani amedarizi hiki?"

"Mama anauliza nini?" Katembo alimgeukia Tajudin.

"Nani ameshona kitambaa hiki?"

"Ah, ule! Ni bwana moya wa huku kwenu, iko Uvira. Fundi Hamduni. Anashonaka kofia, anashikaka na samaki. Bile bitundu ni juu samaki ipate hewa, na maji isimwangike. Akili mingi! Bibi yake Emérence njo anauzishaka ku soko."

"Bibi yake."

"Ndiyo, Mama. Na mutoto wabo ameanza kutembea. Anatembea, anaanguka, anatembea."

Nusura alikwenda mkebe wa pili. Ncha tano. Wa tatu. Ncha tano.

"Yeye hasemi lolote juu ya Kampala?"

Katembo, ambaye sasa alianza kuelewa, alimtazama Tajudin, lakini Tajudin aliinamisha kichwa.

"Mama, unisamehe. Siku moya nilimuuliza: 'Fundi, kule kwenu habakutafute?' Akaseka. Akasema, 'Kule mimi ni maiti. Niliacha kiatu ku ngazi. Hakuna mutu anatafutaka maiti.'"

Maji yalidondoka mahali fulani, tone kwa tone.

"Nilimtafuta mimi," alisema Nusura. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoombea samaki. "Nilimtafuta msituni."

Katembo alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

"Tangu lini, Tajudin?" Alilidondosha lile neno 'kaka', naye Tajudin alilisikia likianguka.

"Tangu safari ya Katembo iliyopita. Miezi miwili. Zamani nilikuwa nikimwona Hamdun akidarizi hapa hapa dukani, akingoja samaki wake. Nyota zile nazijua."

"Ukaniuzia samaki."

"Nikakuuzia."

"Jumamosi nane. Unaniambia mkia huu, mkia ule."

"Ningesema nini, Bi Nusura? Mji mzima unajua kwamba nakupenda. Katembo mwenyewe amekutangazia sasa hivi. Mtu anayemtaka mke aje na habari kwamba mume amemtupa? Wewe mwenyewe ungesema, Tajudin ameifuma. Nilingoja Katembo arudi nimhoji vizuri, nipate yakini isiyo na mkono wangu ndani yake. Kisha alipofika leo..." Alikitazama kiganja chake. "Leo niliogopa tu."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ukishajua, hutakuwa na sababu ya kuja tena."

"Ulinihurumia?"

"Nilijihurumia. Naona aibu."

Nusura alifikiri kwamba sasa angelia, au angepiga kitu. Alisubiri. Hakuna kilichokuja. Alimfunua samaki mfu kutoka kwenye gazeti, akamweka mezani.

"Usinitafutie mwingine," alisema. "Nipe karatasi."

Barua aliiandika amesimama, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandikia wakubwa:

*Kwa Bwana Hamdun. Salamu. Samaki wako waliobaki ni sita, na ni wazima. Naomba talaka yangu kwa maandishi, na mashahidi wawili. Sina neno jingine. Ulisahau kitu chako, nakurudishia. Nusura.*

Kesho yake, kabla Katembo hajaondoka, alileta mfuko. Ndani mlikuwa na kubadhi la mguu wa kushoto, lililopakwa mafuta ya ngozi. Alikuwa akilipaka kila mwezi.

"Mpe mkononi, Bwana Katembo. Mbele ya mkewe."

"Nitamupatia, Mama. Na nitangalia sura yake, nikuletee habari."

"Sura yake usiniletee."

Wiki tano zilipita. Nusura hakwenda dukani. Kisha simu ya ofisini ililia, na karani mwenzake, Akidi, akamwita: "Dada, kuna mwanamume. Sauti yake kama anasoma Kurani."

"Hallo?"

"Bi Nusura, ni mimi wa dukani." Tajudin alisema kwa tahadhari, kama watu wote walivyosema kwenye simu siku zile. "Mgeni amefika. Ameleta mkebe."

"Una nini ndani?"

"Hauna maji. Sijaufungua."

"Ufungue."

Alisikia kamba ikikatwa, kisha karatasi ikikunjuliwa.

"Ni karatasi yako. Mashahidi wawili. Talaka imeandikwa wazi."

"Ameandika kingine?"

"Chini kabisa. Ameuliza kama samaki walikula."

Akidi aliinua macho kwenye taipu yake, maana kwa mara ya kwanza tangu waanze kukaa chumba kimoja alimsikia Nusura akicheka: pumzi moja fupi puani, basi.

"Mpe dada yangu Rehemah hiyo karatasi," alisema Nusura. "Mimi naanza eda. Usipige simu tena mpaka iishe."

"Sitapiga."

Hakupiga. Hakutuma salamu, hakupita Bugolobi. Kila Jumamosi, hata hivyo, Rehemah alikuta mlangoni kwake kikopo cha mukene uliosagwa, wa kuwatosha samaki sita kwa juma zima. Nusura aliwalisha. Alikuwa ametimiza twahara tatu za eda alipovaa buibui lake, akawatia wale sita katika mtungi, akaupanda mji kwa miguu.

"Nimewarudisha," alisema kizingitini. "Sitaki vitu vya Hamdun nyumbani mwangu."

Tajudin aliupokea mtungi. Alikuwa amekonda. Aliwatazama samaki mmoja mmoja, kisha akaupeleka mtungi dirishani, akawatazama tena.

"Bi Nusura, keti nikwambie jambo. Safari hii silifichi."

"Nimesimama. Sema."

"Humu hamna samaki wa Hamdun. Wa mwisho wake ulimleta Januari, kwenye gazeti. Alikuwa mzee, jicho moja jeupe. Hawa wote nimewavua mimi Ggaba. Wote nimekuchagulia mimi."

Nusura alikaa. Si kwa sababu alialikwa.

"Kwa hiyo tangu Januari nawalisha samaki wako."

"Naam."

"Na ulikuwa unajua hilo pia."

"Nilikuwa najua. Hilo ndilo pekee lililonifurahisha."

Alimtazama. Alikuwa mtu wa kawaida, kanzu imeloa kwenye mikono, kidole kimoja kimekatwa na kioo. Aliyemficha, akakiri. Nusura alitafuta hasira moyoni akaikuta, ndogo, iko mahali pake. Na ile kuikuta tu ilimshangaza.

"Siku ile uliweka mkono juu ya mkebe," alisema. "Usije ukaniwekea mkono juu ya kitu tena. Chochote. Hata kama kitaniua."

"Sitaweka."

"Kama una neno kwangu, lipeleke kwa kaka yangu, kwa njia yake."

"Nimekwisha kwenda, leo asubuhi. Nilihesabu siku. Amesema atakuuliza wewe."

"Basi ataniuliza. Mahari yangu mtayasema ninyi. Ila na samaki mmoja awe humo. Asiyefanana na yeyote."

Tajudin alikwenda kwenye tangi la mwisho, akaja na nkejje jike, wa kijivu, asiye na rangi ya kutazamwa. "Huyu hakuna aliyewahi kumtaka."

"Huyo."

Tajudin alichota maji ya mtungi kwa chupa ya jamu, akaitia ndani ya tangi. Nusura alikunja mkono wa buibui, bila kuambiwa, akatia mkono mmoja ndani ya chupa na mmoja ndani ya tangi. Huko barabara kubwa gari lilipita kwa kasi likipiga honi, nao wote wawili walinyamaza, kama watu wote walivyonyamaza, mpaka liliposikika mbali.

Tajudin alinyoosha mkono ili apime, kwa mazoea.

"Ngoja," alisema Nusura. Alikunja uso. Vidole vyake vilitembea majini. "Haya ya chupa ni ya baridi zaidi."

Tajudin hakuthubutu kusogea.

"Bado hayajalingana, Tajudin. Tungoje kidogo."