Sketi za Wahudumu wa Baa

Kila asubuhi fundi cherehani alifagia kibaraza chake, akatia mashine mafuta, ndipo akakaribisha wateja. Siku hiyo alikuja msichana mhudumu wa baa ya jirani kupimwa sare.

"Tajiri wetu wa baa anataka sketi iishie hapa," alisema, akagusa paja.

Fundi alishusha futi yake ya kupimia. "Mwanangu, huna haya?"

"Ninayo, mama. Ila mshahara sipewi. Naambiwa nilale na wateja. Nikikataa, natupiwa vitu nje."

"Si uondoke!"

"Niende wapi, na nalala hukohuko baa? Mwenye saluni wa hapa mtaani alininyima kazi. Eti nitamfukuzia wateja."

Pale kibarazani aliketi jirani, afisa ustawi wa jamii, akisubiri gauni lake.

"Jirani, unamwonea huyu," alisema taratibu. "Wanaowanunua ni nani? Si waume zetu na kaka zetu? Hao tunawaamkia vizuri tu. Tajiri tunamwita mheshimiwa. Binti tunamsema, kazi tunamnyima. Kumlazimisha mtu auze mwili ni kosa la jinai, na kosa ni la anayelazimisha."

"Na mimi ninayeshona tu?"

"Sketi hizi ni za kuvutia wanunuzi. Sote tuna mkono wetu humo."

Fundi alitazama vitambaa vya sare alivyoletewa na tajiri. Hakuwa na kazi kubwa kuliko ile ya baa. Alikunja vitambaa vyote, akavifunga.

"Hivi vitarudi kwa mwenyewe. Wewe binti, unajua kutunga uzi kwenye sindano?"

"Sijui, mama, lakini macho ninayo."

Wakacheka.

"Vitu vyako usivifuate peke yako," afisa alimwonya. "Twende kwanza polisi, nami nitakaa nawe ukieleza."

Jioni, mume wa fundi alimkuta mgeni ndani.

"Mama watoto, majirani watasemaje?"

"Mbona hukuwauliza ulipokuwa ukienda kule baa?"

Mume alikohoa, akaenda kuleta godoro.

Tajiri alikamatwa, akafikishwa mahakamani. Wasichana wengine wawili walipata ujasiri, wakaeleza yao. Naye binti alijifunza kukata, kisha kushona. Siku moja mwenye saluni akaja kushonesha gauni. Alimwona binti, akamnong'oneza fundi:

"Huyu si yule wa baa?"

"Ni fundi mwenzangu," alijibu fundi kwa sauti ya kusikika. "Nyoosha mikono, shoga, akupime."

Mwenye saluni alisita kidogo, kisha akanyoosha mikono.