Pikipiki Isiyojua Kurudi Nyuma

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwalimu aliinua mlango wa gereji ya nyumbani kwake, buti miguuni na kofia ngumu mkononi, akakuta sakafu tupu. Pikipiki haikuwepo. Hakupiga kelele. Alimgeukia fundi aliyekuwa nyuma yake, akamwuliza kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, "Wewe unaiona?"

"Siioni, Mzee."

Hapa ni lazima ijulikane ni pikipiki ya namna gani, maana anayefikiria kijipikipiki cha kupelekea mikate atapotea njia. Hii ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, kilo karibu mia tatu, na mtaa mzima uliiita Bi Mkubwa. Barabara ndefu ndiyo ilikuwa raha yake. Ikishapita kasi ya themanini ilitulia kabisa, kioo chake kikakukinga upepo, na viti vyake viwili vilikuwa vipana kiasi cha kukaa kutwa nzima na kushuka bila kushika kiuno. Ubaya wake ulianza iliposimama. Kwenye foleni joto la injini lilichoma magoti. Masanduku yake ya pembeni yalikuwa yameshalikwangua gari la jirani mara mbili. Tena haikuwa na gia ya kurudi nyuma. Sakafu ya gereji iliteremka kuelekea ndani, Mwalimu aliiingiza kwa uso, na kuitoa kulitaka wanaume wawili waivute kinyumenyume huku wakilaumiana. Ndiyo maana fundi aliitwa.

Leo ilikuwa safari ya mwisho. Wiki mbili nyuma, kwenye kituo cha mafuta, ikiwa imesimama tuli, Bi Mkubwa ilimwelemea Mwalimu wakaanguka wote wawili. Goti likavimba. Akaamua kwamba ataiendesha kilomita mia sita hadi kwa mwanawe, aiache huko, arudi kwa basi. Peke yake. Mkewe, muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista, aliusikia uamuzi huo Jumatano mezani. Alisema "Haya," akaondoa sahani.

Saa nne kasoro robo aliwasili Sajini wa kitengo cha vyombo vilivyoibwa, mwanamke mrefu mwenye daftari dogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule aliyeichora ikweta wima?"

"Ndiye mimi," Sajini alisema bila aibu. "Kufuli limevunjwa?"

"Hapana, ni zima kabisa."

"Funguo za pikipiki?"

"Mmoja huu hapa mfukoni. Wa akiba alikuwa nao fundi."

Fundi alidakia, "Niliurudisha Jumatano, Sajini. Haki ya Mungu."

"Kweli, niliupokea mimi," alisema Sista, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akijipaka mafuta upande wa ndani wa goti lake la kulia. "Nikautia kwenye kopo la vifungo."

Kopo likaletwa. Vifungo vilikuwemo. Ufunguo haukuwemo.

"Fundi," Mwalimu alisema, "miaka kumi na moja nakukabidhi hiki chombo. Kama ulikitaka, si ungesema?"

"Mzee, mimi? Naiosha kama mtoto wangu!"

"Hakuna anayeondoka," Sajini alikatiza. "Ikifika saa sita sijapata kingine, fundi, tutakwenda wote kituoni."

Alianza na jirani, ambaye mwaka jana alisimama barabarani akaapa kuichoma moto ile pikipiki. Alimkuta akisugua mkwaruzo wa gari lake.

"Uliapa kweli?"

"Niliapa, tena mbele za watu. Mwizi huwa hatangazi."

"Leo uliiona?"

"Saa mbili kamili ilitoka. Mwalimu mwenyewe, kofia imemfunika uso. Nikashangaa sana."

"Kwa nini?"

"Alilipita gari langu kwa mbali. Halafu akanipungia mkono! Sajini, mimi na yule hatujasalimiana tangu mwaka jana."

Lakini saa mbili Mwalimu alikuwa kwa kinyozi, na poda ilikuwa bado nyeupe kwenye kisogo chake. Sista alisema alitoka mara moja kwenda dukani. Sajini aliingia jikoni kuomba maji, akatazama meza na kaunta. Hapakuwa na kitu kipya hata kiberiti. Kisha akarudi gereji, akapiga magoti, akakaa humo zaidi ya nusu saa. Alipotoka alipiga simu moja fupi.

Saa sita kasoro dakika tano aliwaita wote ndani ya gereji.

"Alama za tairi zinatoka moja kwa moja, hazikuvurugwa na viatu," alianza. "Kwa hiyo haikuvutwa kinyumenyume. Iliendeshwa ikitanguliza uso, maana yake iligeuzwa humu humu. Tazameni mikwaruzo hii iliyopinda. Na huu weupe ni unga wa sabuni. Mtu aliipandisha kwenye stendi ya katikati, juu ya turubai lililopakwa sabuni, akaizungusha kidogo kidogo."

"Kilo mia tatu?" Mwalimu aliuliza. "Peke yake?"

"Fundi, wewe ungeitoaje?"

"Ningeita mtu tuvute."

"Wote mngeita mtu. Huyu amezoea kugeuza wazito bila kuita mtu." Sajini alichukua turubai la plastiki kutoka kwenye rafu. Lilikuwa na unyevu bado, na lilikuwa limekunjwa sawasawa, pembe zote nne zimeingizwa ndani. Maturubai mengine yalikuwa yamerundikwa kwenye kona ovyo. "Mama yangu alilazwa miezi mitatu. Najua ni akina nani wanaokunja hivi. Mwalimu, kwenye msumari huu kulitundikwa nini?"

"Kiti cha nyuma. Nilikifungua Jumatano, kwa kuwa nakwenda peke yangu."

"Basi niambie. Mwizi gani, roho mkononi, anasimama kukifunga tena kiti cha abiria?"

Sajini alimtazama Sista, na sauti yake ikawa laini. "Pole na goti, Mama. Lile joto linachoma."

"Foleni ilikuwa ndefu," Sista alisema.

Mwalimu alikaa juu ya sanduku la vifaa. "Mke wangu!"

"Nisamehe, mwanangu," Sista alimwambia fundi kwanza. "Nisingekuacha upelekwe kituoni."

"Mama, mimi nilishaanza kuwaza nani atalisha kuku."

Kisha akamgeukia mumewe. "Miaka ishirini na sita nimekaa kile kiti. Nimekushika tumbo tangu likiwa bapa. Kila taa nyekundu unaniambia 'miguu juu', nami nakuamini, naipandisha. Halafu safari ya mwisho unanifungua kwa spana, unanitundika ukutani. Sikutaka kuiba. Nilitaka usiondoke bila mimi."

Mwalimu alichezea mkanda wa kofia yake.

"Nilipoanguka pale kwenye mafuta," alisema, "niliwaza kitu kimoja tu. Ungekuwepo nyuma, ingekulalia wewe. Miguu yangu haina nguvu tena. Sikuweza kulisema hilo mbele yako. Nikaona afadhali uninunie."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

Sista alifungua mkoba, akamwekea mkononi leseni mpya ya udereva wa pikipiki. "Nimejifunza kila Jumanne na Alhamisi, miezi saba."

"Si ulisema ni kwaya?"

"Umewahi kunisikia nikiimba?" Alicheka, machozi yakimlenga. "Jumatano ndiyo nilipanga kukuambia. Ukaniwahi."

"Iko wapi sasa?"

"Hospitalini, alikofanya kazi Mama," Sajini alijibu. "Mlinzi ameniambia kuna kitu kando ya gari la wagonjwa, kimefunikwa shuka, pembe zote nne zimechomekwa." Alifuta neno "wizi" kwenye daftari, akatafuta la kuweka mahali pake, akapaacha wazi.

Saa nane mchana, Bi Mkubwa ilipokwisha kuletwa nyumbani, fundi aliteremsha kiti cha mbele ngazi moja na kukaza masanduku. Sista alipanda mbele. Mwalimu alihangaika kupitisha goti lake, akatulia nyuma. Walipofika barabara kuu Bi Mkubwa ilinyooka, upepo ukapita juu ya vichwa vyao, na Mwalimu akagundua kwamba mikono yake haina kazi.

"Kumbe huku ndiko kuna raha!" alipiga kelele. "Miaka yote umeninyamazia!"

Kwenye makutano taa iligeuka nyekundu. Bi Mkubwa ikasimama, na uzito wake wote ukarudi mara moja. Sista aliteremsha mguu wa kushoto. Mwalimu, kwa hofu ya wiki mbili, akaanza kuteremsha wa kwake.

"Miguu juu, Mwalimu," Sista alisema bila kugeuka.

Akaipandisha.