Jivu Halishiki Joto

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha juu ya soko la Kenya, mtaa mmoja wa mji wa machimbo ya shaba, na wanawake walikuwa wamefunika mboga zao kwa magunia kabla ya kufunika vichwa vyao. Mwanaume mmoja mwenye abacost ya kijivu, suti ya chama isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi kama anakwenda kuapishwa, alisimama mbele ya mafungu ya lengalenga. Akapiga kelele:

"Albertine!"

Mwenye kuuza aligeuka upesi, akaangalia kushoto na kulia.

"Nyamaza, Clovis! Jina ile ya kizungu, chama si ilikataza? Sasa niko Citoyenne Kasonde, mwananchi kama bengine."

"Basi, Citoyenne, lengalenga ni bei gani?"

"Kwa weye haiuzwe. Utachafua nguo ya chama."

Wakacheka, wote wawili, na katika kicheko hicho kila mmoja akaona mwenzake alivyozeeka.

Baba zao walitoka Mitwaba pamoja kufanya kazi ya reli. Walikua mtaa mmoja, wakaimba katika kwaya moja. Lakini Albertine hakuimba tu, alitunga. Masista walibandika mashairi yake juu ya mlango wa darasa. Kisha akaolewa na mtu ambaye kwake karatasi ilikuwa ya kuwashia moto. "Karatasi haipike bukari," bwana yule alimwambia akisubiri ugali wake, na Albertine akamwamini mpaka siku alipomzika.

"Ungali unaandikaka?" Clovis aliuliza.

"Naandika bei ya mboga."

"Ile si jibu, mama."

"Ile njo jibu niko nayo."

Clovis mwenyewe alikuwa mjane. Katika kampani ya shaba alikuwa kiongozi wa kundi la animation, wale wafanyakazi waliotolewa kazini ili wacheze na kuimba sifa za chama. Alikuwa na kipaji kimoja: wimbo ukipita sikioni mwake mara moja, haukutoka tena.

Jumapili alikwenda Kasungami, ambako Albertine alikuwa na nyumba ndogo na shamba la mboga. Makaa yalikuwa na unyevu na mbabula, jiko lake la bati, ilikataa kuwaka. Clovis, pamoja na abacost yake, akapiga magoti katika vumbi, akapuliza mpaka jivu likamrukia usoni.

"Angalia mukubwa ya kampani!" Albertine alicheka huku akijishika mbavu. "Unafanana na mufu mwenye alifufuka."

"Cheka tu. Moto imewaka ao haiwake?"

Moto uliwaka. Na alipoondoka, Albertine alitafuta kalamu. Usiku mzima alipigana na maneno kama mtu anayefungua mlango ulioota kutu. Jumapili iliyofuata alimsomea Clovis, sauti ikitetemeka kama ya msichana:

*Nalikuwa jivu tupu, mekoni pasipo moto;*
*Ukapiga goti chini, ukapulizia ndoto.*
*Usiondoke mpenzi: jivu halishiki joto.*

Clovis alimshika mkono, na midomo yake ikatikisika polepole. Albertine alifikiri ni machozi.

Wizi mwingine huvunja mlango. Huu ulikuja umevaa abacost, ukapewa kiti.

Siku ya sikukuu ya chama, mji wote uliamriwa kwenda uwanjani. Albertine alivaa kitenge cha rangi ya machungwa ambacho Clovis alimnunulia, akasimama katikati ya umati. Kundi la kampani likaingia, wanaume na wanawake mia mbili kwa nguo za kijani. Ngoma zikanyamaza. Wote wakapiga magoti pamoja, wakavimbisha mashavu, wakapuliza hewa kuelekea jukwaa la wakubwa, na kuimba:

"*Usiondoke, ee Chama: jivu halishiki joto!*"

Wakubwa walipiga makofi. Mama mmoja pembeni akamgusa Albertine kiwiko: "Muzuri, ee?"

Albertine aligeuka, akapenya umati kuelekea barabarani.

Kesho yake aliomba simu kwenye parokia.

"Allô? Bureau ya animation."

"Miye njo ile jivu."

"Albertine! Ulisikia? Stade muzima iliimba maneno yako! Nilitaka uone bukubwa yako, mupenzi. Maneno kama ile kukaa mu kanyumba ya Kasungami, ni zambi!"

"Nilikuandikia weye. Haikukutosha?"

"Lakini..."

"Bwana yangu alinikataza kuandika. Weye uliniamsha, kisha ukanipeleka kuchezesha bakubwa. Kati yenu mubaya ni nani, Clovis?"

Simu ikafa mkononi mwa Clovis.

Tangu siku ile watoto wa shule walipita kando ya shamba lake wakiimba wimbo ule, wakivimbisha mashavu. Albertine aliinamisha kichwa na kung'oa majani. Karatasi zake zilizobaki alifungia karanga sokoni. Alikuwa amelala miaka mingi bila kuandika, hilo alilizoea, lakini sasa alilala akiwa macho.

Naye Clovis aliitwa na mkuu wake. Wakubwa walitaka wimbo mwingine.

"Kisima kimekauka, Citoyen Chef."

"Ile ya kwanza alitunga nani?"

Clovis aliona mbele yake kitenge cha machungwa kikiingizwa kwa nguvu katika kundi, na mkono wa Albertine ukitunga sifa mpaka kifo.

"Ni miye."

"Basi tunga tena."

"Siweze."

"Utaweza chini ya ardhi," mkuu alisema, na wiki ile ile akamwandikia kwenda Kolwezi, kuchimba.

Mchana wa mwisho kabla ya treni alikwenda Kasungami, bila abacost, na shati la kazi lililomkaa vibaya. Albertine alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika jembe.

"Uliwaambia ni weye?"

"Sikutaja jina yako. Hata moja, hata ingine."

Mbabula ilikuwa inazimika. Clovis alianza kuinama.

"Apana!" Albertine alimzuia. "Magoti ile umeisha kuipeleka ku stade." Akapuliza mwenyewe. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha karatasi chenye mafuta ya karanga. "Niliandika tena. Jana. Sikujua kama utakuja, na haikuwa juu yako. Lakini nitakusomea, kwa sharti moja: ukitoka hapa, umeisahau."

Alisoma. Safari hii sauti haikutetemeka. Clovis alikaa mikono juu ya magoti, ameuma midomo yote miwili mpaka ikawa myeupe.

"Uliikamata?" Albertine aliuliza.

"Hata neno moja."

Albertine alimwangalia sana. Alimjua mtu huyo na masikio yake. Akaweka kiganja juu ya mdomo ule uliofungwa, akakiacha hapo mpaka moshi ukawachoma macho.

"Enda, Clovis. Miye nitakuwa naandika."

Katika treni ya Kolwezi, behewa lilijaa wachimbaji. Mtu wa chama alisimama kati yao, akaanzisha wimbo wa jivu, na wote wakapiga makofi na kuvimbisha mashavu, isipokuwa mmoja aliyekaa dirishani.

"We, Citoyen! Wimbo haujue?"

"Sijue wimbo yoyote," Clovis alijibu, akaendelea kutazama nje, midomo haitikisiki.