Daktari wa Uongo katika Kompyuta ya Bi Yeon-hwa

Asubuhi ile ilikuwa tulivu, ndugu msomaji. Milima inayouzunguka mji wa Jecheon ilikuwa imeanza kuwa myekundu kwa majani yanayokaribia kupukutika, treni za mizigo zilikuwa zikipita taratibu, na Bi Tak Yeon-hwa, mjane na mwalimu mstaafu wa biolojia, alikuwa juu ya paa la nyumba yake akigeuza pilipili alizoanika kwenye mkeka. Alipomaliza alinawa mikono, akashuka, akawasha kompyuta ili alipe bili ya umeme.

Kompyuta ile ilikuwa na kitu cha thamani kuliko yenyewe. Marehemu mumewe, Pyo Gil-man, alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Kwa miaka mingi watu wa mji ule walipanda na kushuka kwa kuambiwa na sauti yake. Kisha kansa ikamshika kooni. Siku chache kabla ya madaktari kuliondoa koromeo lake, alikaa mbele ya kompyuta na kipaza sauti akajirekodi: kila ndugu na neno lake, utani wake, wosia wake.

"Msifungue mwaka wa kwanza," alimwambia mkewe. "Mtalia tu, na sitakuwepo kuwanyamazisha. Fungueni kwenye tambiko la mwaka wa pili, mkishaweza kucheka."

Bi Yeon-hwa alitii. Hakugusa faili hata moja. Mwanawe wa pekee, Tae-ung, aliahidi mara nyingi kuzinakili kwenye diski, lakini kazi yake huko Seoul ilimbana. Alikuwa mhandisi katika kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo Narubit, na mama yake alijivunia hilo kimyakimya. Sasa tambiko la mwaka wa pili lilikuwa limekaribia.

Ukurasa wa benki ukafunguka. Kama kawaida ya miaka ile, ulidai kwanza kupakia programu hii na ile, na kila dai lilikuja na kisanduku chenye neno moja la kubonyeza: Ndiyo. Benki ilidai Ndiyo, ofisi ya kodi ilidai Ndiyo, hata shule zilidai. Ukibonyeza Hapana, huduma hupati. Nchi nzima ilikuwa imefundishwa kubonyeza Ndiyo bila kusoma, na walioifundisha walikuwa watu wazima wenye vyeo. Ulikumbuke hilo kabla hujamcheka mwalimu wetu.

Alibonyeza mara tatu. Mara ya nne kioo kikawa chekundu, king'ora kikalia, na picha ya daktari mwenye koti jeupe ikajitokeza. "Kompyuta yako ina vijidudu hatari 112. Ungependa Daktari Msafi akutibu?" Akabonyeza Ndiyo. Daktari akaomba malipo madogo, chini ya bei ya bakuli la tambi, yakatwe kwenye simu. Akakubali. Vijidudu vikafutika kimoja kimoja, daktari akatabasamu.

Kesho yake vilikuwa vimerudi. Vilevile 112.

Akampigia Tae-ung.

"Mwanangu, kuna kitu kinaitwa Daktari Msafi. Unakijua?"

"Nimewahi kukisikia."

"Nikiondoe?"

"Aa, kiache tu, Mama. Hakina madhara."

"Kinanishauri nibonyeze 'Usafi wa Kina'."

"Mama, niko kwenye kikao. Nimesema hakina madhara. Nitakuja na samaki wa tambiko, usinunue."

Mtoto aliyesomea kazi hiyo amesema hakina madhara. Bi Yeon-hwa akabonyeza Usafi wa Kina. Na kweli, kompyuta ikawa nyepesi.

Lakini mtu aliyefundisha biolojia miaka thelathini hawezi kuishi kwa amani na kijidudu kinachokufa na kufufuka kwa idadi ileile. Vijidudu halisi huongezeka au hupungua. Hivi vilikuwa vimesimama kama wanafunzi kwenye gwaride. Akaazimia kufanya jaribio lile ambalo aliwahi kulifundisha kila mwaka: chukua chombo ambacho hakina kitu ndani, kipime kwa kipimo kilekile, uone kipimo kitasema nini.

Chombo chenyewe kilikuwa kwa jirani yake, Bi Maeng, muuza chapati za dengu, ambaye mkwewe alikuwa amemletea kompyuta mpya siku ileile.

"Mwalimu, hii bado ina karatasi yake ya nailoni," alilalamika Bi Maeng. "Unataka kuiletea maradhi kabla sijaichezea karata?"

"Nataka kujua kama mgonjwa ni kompyuta au ni daktari."

"Haya, wewe ndiye msomi. Ikifa, utaniuzia dengu sokoni mwaka mzima."

Wakamwita Daktari Msafi. King'ora kikalia. Vijidudu hatari 112. Majina yaleyale, mpangilio uleule. Kimoja, kwa maelezo ya daktari mwenyewe, kilikuwa kimejificha humo tangu mwaka uliotangulia.

Bi Maeng aliangalia sanduku la kompyuta lililokuwa bado sakafuni. "Imezaliwa leo, ikaugua mwaka jana? Huyu si daktari. Huyu ni mwizi aliyeazima koti."

Bi Yeon-hwa hakucheka. Alijiona kama mtu aliyegundua kwamba maji aliyokuwa akinywa yametoka mtaroni. Programu ile haikupima chochote. Iliandikwa ikiwa tayari na majibu. Mtu mzima, mwenye meza na kiti, alikuwa amekaa akatunga orodha ya maradhi ya uongo, akachagua rangi nyekundu, akachagua mlio wa king'ora, akihesabu kwamba mjane wa mahali fulani ataogopa.

Alirudi nyumbani haraka, kwa sababu wazo moja lilikuwa limemjia: ule Usafi wa Kina ulisafisha nini hasa? Alifungua kompyuta, akatafuta folda yenye jina la mumewe. Ilikuwepo. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Akatafuta kwenye pipa la takataka. Akatafuta kwa majina, akatafuta kwa tarehe. Kisha akafungua taarifa ya Usafi wa Kina, akasoma kila mstari mpaka akaufikia uliohusika: "Faili kubwa zisizofunguliwa kwa muda mrefu: zimeondolewa kabisa." Hizo ndizo sauti za Gil-man. Zilifutwa kwa kosa la kusubiriwa.

Akataka kujua wa kumdai. Alisoma masharti, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, na chini kabisa akakuta jina la mwenye programu. Narubit. Aliinuka, akaenda bafuni, akalitazama taulo ambalo Tae-ung alimletea kampuni yake iliposherehekea miaka mitano. Jina lilikuwa limedariziwa pembeni kwa uzi wa bluu. Kila asubuhi alikuwa akijifuta nalo uso. Akalishika kwa ncha za vidole viwili, akalitupa kwenye ndoo ya takataka, kisha akanawa uso tena kwa sabuni.

Tae-ung alifika asubuhi ya tambiko akiwa na suti, na kifurushi cha samaki wakavu wa njano, wale wa bei mbaya wanaofungwa kwa kamba ya majani.

"Mama, wa mwaka huu ni wanene kweli—"

"Weka chini. Kaa." Akamgeuzia kompyuta. "Folda ya baba yako iko tupu. Nieleze, wewe ni mtaalamu."

Alieleza kwa kubabaika, lakini alieleza. Kampuni ilianza na programu ya kweli, haikununuliwa. Bosi akasema watu hawalipii afya, hulipia hofu. Wakatunga orodha.

"Na Usafi wa Kina? Nani alibuni?"

Akakisogeza kifurushi cha samaki pembeni.

"Tae-ung."

"Mimi. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba hawaoni tofauti. Nikasema tukifuta faili kubwa ambazo hazijafunguliwa mwaka mzima, kompyuta itakuwa nyepesi, watafurahi. Sikufikiria kwamba... Mama, nilidhani ni filamu na takataka tu."

"Nilikupigia simu. Nilikuwa bado sijabonyeza. Uliniambia hakina madhara."

"Niliona aibu."

"Uliona aibu, ukaniacha nibonyeze." Hakupaza sauti. Alikuwa akimtazama kama alivyozoea kutazama minyoo iliyohifadhiwa kwenye chupa za maabara, kwa makini na kwa kinyaa. "Unaweza kuzirudisha?"

Alijaribu mpaka adhuhuri. Kisha akaipeleka kompyuta kwa fundi anayeokoa faili zilizofutika, karibu na stesheni. Fundi alimwambia ukweli usio na chumvi: faili ikifutwa, mara nyingi hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini Daktari Msafi alikuwa akijipakulia matangazo mapya kila saa, na kuyaandika palepale. "Aliyetengeneza uchafu huu," fundi alisema akifunga kifuniko, "mkono wake ungefaa kukatwa." Tae-ung alilipa, akaondoka.

Aliporudi, mama yake alikuwa akipanga meza ya tambiko. Kila chakula na mahali pake: matunda mbele, nyama magharibi, samaki mashariki. Tae-ung akafungua kifurushi.

"Hao hawapandi meza ya baba yako," alisema Bi Yeon-hwa.

"Mama, ndugu wanakuja. Meza bila samaki watasemaje?"

"Watauliza. Na utakayejibu ni wewe."

Jioni ndugu wakakusanyika. Mzee Gil-su, kaka mkubwa wa marehemu, aliwasha uvumba, akaitazama meza, akakunja uso. Upande wa mashariki palikuwa na sahani tupu.

"Shemeji, samaki yuko wapi? Marehemu amekukosea nini?"

"Muulize mwanao."

Tae-ung akapiga magoti. Akasema yote: kampuni, orodha, Usafi wa Kina, sauti ya baba yake. Alipotaja jina la Daktari Msafi, shangazi yake Gil-rye, mdogo wa marehemu, aliruka kama aliyechomwa na mwiba.

"Subiri kwanza! Yule mwenye koti jeupe? Kumbe ni wewe unayenikata kila mwezi kwenye simu! Nami namsifu kwa majirani, nawaambia mpwa wangu anafanya kazi hizohizo!"

"Mimi nilidhani ni kodi ya serikali," alisema mumewe kwa upole.

"Wewe kila kitu unadhani ni kodi ya serikali!" Kisha sauti ya Gil-rye ikavunjika. "Wifi, kaka aliniambia amenirekodia kitu. Aliandika kwenye karatasi pale hospitali, alikuwa hawezi tena kusema. Akaandika kwamba nitacheka mpaka niumwe mbavu. Ni nini? Alikwambia ni nini?"

"Hakuniambia, wifi. Alisema ni siri yenu."

Gil-rye akamgeukia mpwa wake. "Basi niambie wewe. Umefuta, si ndiyo? Niambie kaka yangu alisema nini."

Tae-ung aliinamisha paji la uso mpaka likagusa sakafu.

Tambiko lilifanyika na sahani ikiwa tupu. Ulipofika wakati ambao walikuwa wamepanga kumsikiliza Gil-man, Mzee Gil-su aliagiza wote wakae kimya kwa muda uleule waliokuwa wameitengea sauti ile, na wakakaa. Juma lililofuata Tae-ung aliondoa Daktari Msafi katika kompyuta za jamaa zake wote, nyumba kwa nyumba, akasimangwa kila mlango. Kisha akaenda polisi kitengo cha mtandao, akaeleza programu ilivyotengenezwa. Bosi alifungwa. Yeye mwenyewe alihukumiwa kifungo cha nje, na hakuna kampuni ya kompyuta iliyomwajiri tena. Siku hizi hupakia mizigo katika ghala la saruji, na kila mwaka hufika mapema kumsaidia mama yake kupanga meza. Bi Yeon-hwa humpokea, humpa chakula. Shangazi Gil-rye hajawahi kusema naye tena.

Funzo la kisa hiki

Ndugu zangu, programu inayokutisha kabla ya kukusaidia ni ya kutiliwa shaka. Daktari wa kweli hapigi king'ora barabarani akiwaita wapita njia kwamba wote ni wagonjwa. Ukiona kisanduku chekundu, usibonyeze chochote ndani yake. Funga kompyuta, umuulize mtu anayejua na asiyefaidika na hofu yako. Kilicho cha thamani kwako, kiweke nakala mahali pengine leo hii, wala usimsubiri mtoto mwenye kazi nyingi.

Hayo ni kwa wanaotumia. Kwa wanaotengeneza, sina maneno matamu. Mnajiambia kwamba mnamkata mtu msiyemjua kiasi kidogo ambacho hatakiona. Hamjui kompyuta ile ina nini, na hamjali kujua. Na wewe unayefanya kazi humo, ukiona haya kuwaeleza wazazi wako unachouza, basi unajua tayari ni nini. Sema mama yako anapokupigia simu kuuliza, kidole chake kikiwa bado hakijabonyeza.